Sanduku la Taa za Trafiki: Lisomeni Kabla ya Kuliwasha



Somo la mara hii limetokana na swali. Kikundi kimoja cha vijana upande wetu wa Kenyenya kiliitwa kwenda kuangalia sanduku la chuma, refu kama kabati ya vyombo, lenye mawaya mengi ndani, pamoja na vichwa vinne vya taa za nyekundu, manjano na kijani. Muuzaji aliwaambia ati ni mashine ya kuongoza taa za trafiki kutoka ng'ambo, ni ya zamani lakini nzima, na ikifungwa pale shule ilipo itaokoa watoto. Vijana walikuwa na akiba yao ya karibu mwaka mzima. Walitaka kujua mambo mawili: hili sanduku ni kitu gani hasa, na tukilinunua tutalipangaje?

Ni swali zuri, na ndiyo maana nimelileta hapa ili vikundi vingine vijifunze. Mimi si fundi wa stima, kazi yangu ni ustawi wa jamii. Lakini nimekaa na mafundi, tumefungua, tumehesabu, na yale ya muhimu mtu yeyote anayejua kusoma namba na kutumia saa anaweza kuyafuata. Tafadhali someni pole pole, na mahali pa hesabu mchukue kalamu.

Kwanza, taa hizi zilitoka wapi

Taa ya kwanza ya kuongoza magari iliwekwa London karibu na Bunge la Uingereza mwezi wa Desemba 1868. Wakati huo hakukuwa na gari la mota, ni farasi na mikokoteni tu. Aliyeibuni alikuwa injinia wa reli aitwaye J. P. Knight, na taa yenyewe iliwaka kwa gesi, askari akiizungusha kwa mkono. Haikumaliza miezi miwili. Mnamo Januari 1869 gesi ililipuka ikamuumiza askari aliyekuwa kazini. Kwa hiyo tangu mwanzo kifaa hiki kilicholetwa kulinda watu kiliweza pia kuumiza yule anayekishika. Taa za stima ziliwekwa Marekani katika mji wa Cleveland mnamo 1914, na mnamo 1920 askari mmoja wa Detroit, William Potts, akatengeneza taa ya rangi tatu yenye kutazama pande nne.

Taa zenyewe ni balbu tu. Akili yote iko ndani ya sanduku. Sanduku ndilo linaloamua nani asimame, nani aende, na kwa sekunde ngapi. Mtu akiwauzia vichwa vya taa bila sanduku, amewauzia balbu za rangi. Akiwauzia sanduku msilolielewa, amewauzia uzito wa chuma.

Ulizeni limetoka wapi kabla ya kuuliza bei

Hili nataka mlishike. Sanduku la taa za trafiki si kitu cha kuuzwa dukani kama jembe. Mara nyingi ni mali ya serikali au ya mji fulani. Kwa hiyo linapoonekana kwa mtu binafsi, kuna njia mbili tu: ama liliondolewa kwa halali baada ya kuzeeka na kuuzwa au kutolewa kama msaada, ama liling'olewa usiku.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inayotaka kila anayenunua na kuuza vyuma chakavu awe na leseni. Na mnakumbuka Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, kwa sababu mitambo ya stima na mali nyingine ya umma ilikuwa inaharibiwa na kuuzwa kwa kilo. Kikundi kilichoandikishwa, chenye cheti na akaunti ya benki, kikikutwa na mali ya wizi, ni mwenyekiti, katibu na mweka hazina watakaoitwa, hata kama walinunua kwa nia njema. Muuzaji awe na karatasi: risiti, barua ya msaada, au karatasi za forodha kama lilikuja kwa kontena. Asipokuwa nazo, semeni asante na mwende nyumbani. Msimwonee haya.

Kusoma sanduku kutoka nje

Tuseme karatasi ziko sawa. Sasa mnafungua mlango, stima ikiwa haijaunganishwa kabisa. Tafuteni kibao kidogo cha chuma kilichopigwa ribiti, kwa kawaida ndani ya mlango au juu ya mashine yenyewe. Pakeni kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, pangusa bila kukwangua. Kibao hicho ni kama kitambulisho cha mtu.

Jina la kwanza ni la kampuni. Mkiona Eagle, Econolite, Crouse-Hinds au Marbelite, hiyo ni ya Marekani. Plessey, GEC au ATE ni za Uingereza. Siemens ni Wajerumani, ingawa wana viwanda kwingi. Jina halitoshi, lakini linawaambia mtarajie nini.

Jambo la pili ni volti. Stima yetu ya Kenya ni volti 240. Ya Marekani ni volti 120 au karibu na hapo. Mkichomeka sanduku la volti 120 kwenye ukuta wa Kenyenya, mtaona moshi kabla hamjaona taa. Mota ndogo ya ndani itaungua, na spea yake hamtaipata Kisii wala Nairobi.

Jambo la tatu ndilo watu wengi hawalijui, hata mafundi wengine. Stima ya kwetu inabadilika mara 50 kwa sekunde, ya Marekani mara 60. Siku hizi kibao huandika Hz, lakini vibao vya kabla ya miaka ya 1960 huandika neno CYCLES au CY. Transfoma inaweza kugeuza volti 240 kuwa 110, lakini haiwezi kugeuza 50 kuwa 60. Na mota ya saa iliyo ndani ya sanduku inafuata hiyo namba, kama vile mtu anayecheza ngoma anavyofuata mpigaji. Mpigaji akipunguza mwendo, naye anapunguza. Kwa hiyo sanduku la 60 likiletwa kwetu linazunguka polepole: mzunguko uliokuwa sekunde 60 unakuwa sekunde 72. Chukueni kalamu mhakikishe: 60 mara 60, gawanya kwa 50. Sanduku halikuharibika, ni saa yake inachelewa. Tutaitumia hesabu hii baadaye.

Mota kama hiyo pia hupata joto zaidi kwenye stima ya 50. Ndiyo sababu fundi wetu alipendelea transfoma ya kutoa volti 110 kuliko ya 120. Kikamilifu, alisema, ingekuwa kama 100, lakini 110 ndiyo inayopatikana, kwa sababu mafundi wa ujenzi huitumia kwa mashine zao.

Kuna dalili nyingine, na hii mtaiona baadaye taa zikiwaka. Taa za Kiingereza zikitoka nyekundu kwenda kijani, huwasha kwanza nyekundu na manjano pamoja kwa sekunde kama mbili. Za Marekani zinaruka moja kwa moja kutoka nyekundu hadi kijani.

Aina tatu za akili

Sasa angalieni ndani. Masanduku ya zamani yako ya aina tatu hivi.

Ya kwanza ni ya sahani na kamshafti. Vijana mliofanya kazi ya mekanika mtaielewa haraka, kwa sababu mnajua kamshafti ya injini: fimbo yenye vilima vinavyosukuma valvu kwa zamu. Humu ndani ni vile vile, isipokuwa vilima vinasukuma pointi za stima, na kila pointi inawasha taa moja. Kilima kikiinua pointi ya kijani ya barabara kubwa, kijani inawaka. Kando yake kuna sahani ya duara inayozungushwa na ile mota ya saa. Ukingoni mwa sahani kuna nafasi 100, na katika nafasi hizo huchomekwa pini ndogo za chuma. Pini ikipita mahali fulani inagusa swichi, swichi inapeleka stima kwenye koili, koili inavuta, na kamshafti inaruka hatua moja mbele. Pini inayofuata, hatua nyingine. Basi, ni hivyo tu. Hakuna kompyuta, hakuna uchawi.

Aina ya pili ni ya rilei, hasa za Kiingereza. Mtaona safu za rilei na swichi za kuruka kama za simu za zamani, na kapasita nyingi. Masanduku haya yalihisi gari kwa mpira uliolazwa barabarani: gurudumu likikanyaga, hewa inasukumwa, sanduku linajua kuna gari linangoja. Muda ulipimwa kwa kapasita kujaa stima taratibu. Kapasita ni kama mtungi. Hata mkichomoa waya ukutani, mtungi unaweza kubaki umejaa na kumpiga mtu. Fundi ndiye azimwage, tena kwa rizista, si kwa kugusisha bisibisi kama wengine wanavyofanya kujionyesha.

Aina ya tatu ni ya kadi za elektroniki, kuanzia miaka ya 1970. Hizo kama kadi moja imekufa, ushauri wangu ni mfupi: msinunue. Kikundi cha kijijini hakina pa kuipeleka.

Kwa hiyo kama mna hiari ya kuchagua, aina ya kwanza ndiyo ya kwetu. Inaonekana kwa macho, inasikika kwa masikio, na kijana wa chuo cha ufundi anaweza kuielewa kwa wiki moja. Sanduku walilooneshwa vijana wetu lilikuwa la aina hiyo, kwa bahati.

Neno la tahadhari kabla ya kushika bisibisi. Masanduku ya zamani mengine yana ubao wa kijivu, mgumu kama karatasi iliyogandamizwa, nyuma ya swichi. Unaweza kuwa asbesto. Msiukate, msiutoboe, msiusugue kwa msasa, kwa sababu vumbi lake linaharibu mapafu na ugonjwa hujitokeza miaka mingi baadaye. Mkiona kichupa cha kioo chenye maji ya fedha ndani, hiyo ni zebaki. Msikivunje na msiwaachie watoto wakichezee.

Kulijaribu bila kuunguza

Hatua ya kwanza haihitaji stima. Zungusheni kamshafti kwa mkono, hatua moja moja, na fundi ashike mita ya kupimia. Katika kila hatua apime kila pointi: imefunga au imefunguka? Katibu aandike. Mtapata jedwali: hatua ya 1, barabara kubwa kijani, barabara ndogo nyekundu, hatua ya 2, barabara kubwa manjano, na kuendelea mpaka kamshafti irudi ilikoanzia.

Msiharakishe kazi hii. Vilima vya kamshafti vilikatwa kwa ajili ya makutano fulani ya mji fulani, miaka mingi iliyopita, na sanduku bado linakumbuka makutano hayo. Labda kulikuwa na njia ya kukata kona, labda kulikuwa na watu wa kuvuka. Jedwali lenu ndilo linaloonyesha mnaweza kutumia hatua zipi kwa kazi yenu. Na muhimu kuliko yote, linaonyesha kama kuna hatua hata moja ambapo pande mbili zinazokatana zinapata kijani kwa pamoja. Ikiwa ipo, iwe ni kwa kilima kilichovunjika, pointi iliyoshikamana kwa kutu, au waya uliounganishwa vibaya na mtu wa mwisho, hamwendi mbele mpaka itengenezwe.

Pointi zenyewe husafishwa kwa karatasi ngumu iliyoloweshwa kidogo na spiriti, si kwa tupa. Tupa inakula chuma chake.

Baadaye stima. Hapa nataka fundi mwenye leseni ya EPRA, kama sheria inavyotaka kwa kazi ya kuunganisha stima. Mwambieni mapema atumie njia ya zamani ya balbu. Anachukua balbu ya kawaida ya wati 60, ile ya waya ndani, si ya kisasa ya LED, na kuipitishia waya wa moto kabla haujafika kwenye transfoma. Vichwa vya taa viwe vimetolewa. Akiwasha, balbu inaweza kumweka mara moja kwa sababu ya transfoma, halafu ififie. Hiyo ni sawa, mota inakunywa kidogo tu. Lakini balbu ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti ndani, na badala ya sanduku kuungua imewaka balbu ya bei ndogo. Njia hii haina ufahari, lakini imeokoa vifaa vingi.

Mwili wa sanduku lazima uunganishwe na ethi, waya mnene hadi kwenye fimbo iliyopigwa ardhini. Ni kabati la chuma, nje, kwenye mvua ya Kisii, na mtoto ataliegemea.

Transfoma iwe ya ukubwa gani? Hesabu ni rahisi. Kama vichwa ni vinne na kila kimoja huwasha balbu moja ya wati 67 kwa wakati, hiyo ni wati 268. Ongezeni mota na koili. Transfoma ya wati 500 inabeba, ingawa mkiweza kupata kubwa zaidi haitachemka. Mkibadilisha balbu kuwa za LED, matumizi yanashuka sana, hata solar inaweza kutosha. Na hapo nikumbushe habari ya jirani zetu Kongo: mnamo 2013 injinia mmoja mwanamke, Thérèse Izay Kirongozi, pamoja na wenzake walitengeneza roboti za kuongoza magari za alumini, zenye kutumia nguvu ya jua, zikasimamishwa Kinshasa na baadaye Lubumbashi. Hawakungoja kontena.

Kupanga muda: hapa ndipo kazi ya kikundi ilipo

Vijana walipofika hapa walitaka tu kuchomeka pini waone taa zikibadilika. Mama mmoja wa kikundi cha jirani, aliyekuja kutazama, akauliza: "Wanangu, mimi na kikapu changu cha ndizi, mmenipa sekunde ngapi?" Wakanyamaza. Hilo ndilo swali lenyewe. Fundi anajua stima, lakini muda wa kuvuka wanaujua wanaovuka.

Tulipima hivi. Tuliweka alama mbili kwenye uwanja, mita 7, kama upana wa barabara ya lami ya kawaida. Wakavuka kijana, mtoto wa darasa la pili, mama mwenye mzigo, na mzee mwenye fimbo, kila mmoja kwa mwendo wake, na katibu akashika saa. Wataalamu wa barabara kwa kawaida huchukua mita 1.2 kwa sekunde kama mwendo wa mtu mzima. Lakini mtoto mdogo na mzee hawafiki hapo. Ukichukua mita 0.9 kwa sekunde, mita 7 zinahitaji sekunde karibu 8. Mpange kwa yule wa polepole. Dereva wa matatu atangoja sekunde mbili zaidi, hatakufa.

Taa ya manjano je? Kwa nini sekunde tatu na siyo moja? Gari likienda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa mijini kwetu, linapita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva anahitaji sekunde moja kutambua na kukanyaga breki, halafu gari linahitaji muda wa kupunguza. Ukifanya hesabu inakuja sekunde tatu na kidogo. Mkiweka moja, mnamlazimisha dereva mwema avunje sheria. Mkiweka saba, atazoea kuiona manjano kama kijani.

Halafu kuna muda ambao wengi husahau: nyekundu kwa pande zote. Gari lililoingia mwisho wa manjano bado liko katikati. Sekunde mbili za nyekundu kwa wote zinalipa nafasi litoke kabla mtoto hajashusha mguu.

Sasa rudini kwenye sahani. Sanduku letu lilikuwa na gia ya mzunguko wa sekunde 60, lakini kwa stima yetu ni 72, mnakumbuka. Sahani ina nafasi 100, kwa hiyo nafasi moja ni sekunde 0.72. Kwa kivuko kimoja cha watoto tulipanga hivi:

Magari kijani: nafasi 67, sekunde 48.
Magari manjano: nafasi 5, sekunde 3.6.
Nyekundu kwa wote: nafasi 3, sekunde 2 na kidogo.
Watu waanze kuvuka: nafasi 14, sekunde 10.
Nyekundu kwa wote, aliye barabarani amalize: nafasi 11, sekunde karibu 8.

Jumlisheni nafasi: ni 100 kamili. Pini zinachomekwa mahali pa kuanzia kila hatua, yaani nafasi ya 0, ya 67, ya 72, ya 75 na ya 89. Pini tano kwa hatua tano. Idadi ya pini lazima ilingane na idadi ya hatua za kamshafti zinazotumika, la sivyo kila mzunguko utaanzia hatua tofauti, na baada ya dakika chache kijani ya watu itakuja wakati wa kijani ya magari. Kosa hili halionekani mzunguko wa kwanza. Kwa hiyo mkimaliza kupanga, kaeni kwenye kivuli na saa na daftari, hesabuni mizunguko 30 mfululizo. Ni dakika 36. Pelekeni uji. Kama mizunguko yote 30 imefanana na jedwali, mmefaulu. Kama mmoja umekataa, zimeni.

Mtu wa Nairobi atawaambia kwamba hizi taa hazina maana, kwa sababu kule askari anasimama chini ya taa na kuyaongoza magari kwa mkono, taa ikisema hivi naye akisema vile. Ni kweli, na kisheria dereva anapaswa kumtii askari. Lakini askari yule haji Kenyenya kila asubuhi saa moja watoto wakienda shule.

Basi lifungwe wapi?

Hapa sikubaliani na muuzaji hata kidogo. Sanduku hili halifungwi barabarani na kikundi. Barabara zina wenyewe: barabara kuu ziko chini ya KeNHA, za miji KURA, za mashambani KeRRA, wote wakiwa wameundwa kwa Sheria ya Barabara ya 2007, na nyingine ziko chini ya serikali ya kaunti. Hakuna mtu anayeruhusiwa kusimamisha alama au taa ya barabarani kwa mapenzi yake, awe mchungaji, chifu au mwenyekiti wa chama. Na sababu si ukiritimba tu. Pasipo na taa, mtoto anaangalia kulia, kushoto, kulia tena. Ukimwekea taa ya kijani, anaacha kuangalia gari, anaangalia taa. Siku stima itakapopotea, au pointi itakaposhikamana, au pikipiki ya boda itakapopita tu kwa sababu hapajawahi kuwa na taa pale, mtoto atakuwa ameiamini taa yenu. Tangu 2021, takwimu za NTSA zinaonyesha watu zaidi ya 4,000 hufa barabarani nchini kila mwaka, na wanaotembea kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lingine lolote. Hatutaki kuongeza hesabu hiyo kwa akiba yetu wenyewe.

Mahali pake ni ndani ya uwanja wa shule au wa chuo cha ufundi. Mnachora barabara kwa chokaa, watoto wengine wanakuwa magari, wengine wanavuka, na waendesha boda wa steji waalikwe nao wajifunze manjano ni nini. Wanafunzi wa stima wa chuo watapata kamshafti ya kufungua na kufunga. Nyekundu ikae juu daima na kijani chini, msibadilishe mpangilio hata kama vioo vimevunjika mkaweka vingine, kwa sababu kuna watu ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani, wanaenda kwa kuangalia mahali.

Kama shida yenu ya kweli ni kivuko cha hatari, njia ni nyingine na ni ya bei nafuu. Andikeni barua kwa ofisi ya barabara ya kaunti, mweke humo hesabu: asubuhi kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili wanavuka watoto wangapi, wanapita magari na pikipiki ngapi. Siku tatu za kuhesabu zinatosha kuanzia. Ombeni matuta, alama za pundamilia, na mabango. Nakala moja abaki nayo katibu, yenye mhuri wa siku ilipopokelewa.

Vijana wale hawajaamua. Walimwomba muuzaji karatasi za forodha, naye akasema atazileta. Wakati tunangoja, walichukua daftari wakaenda kukaa karibu na shule kuhesabu.

Kwa mkutano wenu ujao, jadilini: Je, kivuko kibaya kuliko vyote katika kijiji chenu ni kipi, na nani anayevuka hapo polepole kuliko wote? Mpimeni kwa saa. Na kati ya vitu ambavyo kikundi chenu kilipewa au kununua kutoka ng'ambo, ni kipi bado kimekaa stoo kwa sababu hakuna aliyesoma kibao chake?